Baridi Yabisi ya Watoto na Safari ya Kuijua

 

Ndugu msomaji, safari hii twataka kuzungumza juu ya maradhi ambayo jina lake lajulikana katika kila nyumba, lakini wengi wetu twadhani ni maradhi ya wazee tu. Hayo ni baridi yabisi. Bibi akilalamika magoti twasema ana baridi yabisi, tukamsugua mafuta, tukamfunga kitambaa, mambo yakaisha. Lakini mtoto wa miaka minane akilalamika magoti twasema anakua, au alicheza mno jana, au amekanyaga mahali pabaya. Kumbe iko baridi yabisi ya watoto, na hiyo haiishii kwenye magoti, yaingia moyoni. Na elimu ya kuijua na kuizuia haikupatikana siku moja. Imepokewa mkono kwa mkono kwa zaidi ya miaka elfu, na ndani ya mnyororo huo wamo mashekhe wetu wa Kiislamu pamoja na watu wa mataifa mengine. Twaomba usome habari hii hadi mwisho, kwani mwishoni iko kazi yako wewe mzazi.

JINA NA ASILI YAKE

Jina hili "baridi yabisi" ni maneno mawili ya Kiarabu: barid, yaani enye baridi, na yabis, yaani kavu. Ni mabaki ya tiba ya kale ya Mayunani, ambayo wanazuoni wa Kiislamu waliipokea, wakaitafsiri, wakaiongeza na kuisahihisha. Katika tiba ile walisema mwili umetengenezwa kwa michanganyiko minne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kila mmoja una tabia zake mbili. Damu ni ya moto na majimaji, balghamu ni ya baridi na majimaji, nyongo ya manjano ni ya moto na kavu, na nyongo nyeusi ni ya baridi na kavu. Maumivu ya viungo yakanasibishwa na ubaridi na ukavu, na jina likasafiri kwa majahazi mpaka kwetu, likabaki.

Wazungu nao maradhi hayo hayo waliyapa jina linalotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kutiririka, kwa kuwa walidhani maji mabaya yatiririka mwilini na kukaa katika viungo. Basi tazama ajabu: jina moja lasema kavu, jingine lasema majimaji, na yote mawili hayakuufikia ukweli. Lakini tusiwacheke wazee wale. Walitumia akili kwa kadiri ya walichokiona, na wakawaachia waliokuja nyuma yao mahali pa kuanzia.

MASHEKHE WALIOFUNDISHA KUPIMA

Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, aliyezaliwa mji wa Rayy na kusimamia hospitali ya Baghdad, alifariki yapata mwaka 925 wa Kizungu. Yeye ndiye aliyeandika kitabu kilichotenganisha ndui na surua, na kwake kunanasibishwa pia kitabu kidogo juu ya maradhi ya watoto, kilichosomwa Ulaya kwa Kilatini. Lakini jambo lake tunalolitaka hapa ni moja. Katika kitabu chake kikubwa kiitwacho al-Hawi ameeleza kwamba alikuwa na wagonjwa wa maradhi ya kichwa yaitwayo sarsam. Kundi moja aliwaumika damu, na kundi la pili akawaacha makusudi bila ya kuwaumika, ili apate kuona ni nani watakaopona. Shika jambo hili, ndugu msomaji, kwani tutalirudia tutakapofika Uganda.

Baada yake akaja Ibn Sina, aliyefariki 1037. Katika Qanun aliweka masharti ya kuijaribu dawa: iwe safi isiyochanganywa, ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika na mwingine, matokeo yake yaonekane mara kwa mara wala si mara moja tu, na ijaribiwe kwa binadamu, kwa sababu kinachomfaa mnyama huenda kisimfae mtu. Mwanafunzi wa elimu ya Hadithi ataitambua mara moja roho ya masharti haya. Sisi hatupokei habari kwa kuwa ni nzuri au kwa kuwa msemaji ana kilemba kikubwa. Twauliza: nani kasema, kasikia kwa nani, na je, wengine wamepokea vivyo hivyo?

Wa tatu ni Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288. Huyu alikuwa tabibu, na pia alikuwa faqihi wa madhehebu ya Shafii, madhehebu yetu sisi watu wa Pwani. Galen, bwana wa tiba wa zamani, alisema damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa vitundu vilivyomo katika ukuta ulio kati. Ibn al-Nafis akasema hapana, ukuta ule hauna vitundu. Damu yatoka kulia, yapita mapafuni, kisha yarejea kushoto. Aliyaandika haya katika karne ya 13. Kitabu chake kilisahauliwa, mpaka daktari mmoja wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipokiona katika maktaba ya Berlin mwaka 1924. Na bila ya kuijua njia hii ya damu hakuna awezaye kufahamu vipi maradhi ya milango ya moyo humfanya mtoto ashindwe kupumua.

MNYORORO WAENDELEA ULAYA NA MAREKANI

Mwaka 1686 daktari wa Kiingereza, Thomas Sydenham, aliandika juu ya watoto ambao mikono na miguu yao huchezacheza bila ya wao kutaka. Hakujua kwamba jambo hilo ni tawi la maradhi yetu haya. Mwaka 1812 William Charles Wells, huko London, alikusanya habari za wagonjwa ambao baada ya maumivu ya viungo waliugua moyo. Mwaka 1816 Mfaransa Laennec alibuni chombo cha kusikilizia kifua, na mwaka 1836 Mfaransa mwenzake, Bouillaud, akakitumia kusikiliza mioyo ya watu wenye homa ya viungo. Akasema waziwazi: viungo na moyo vyashikwa na ugonjwa mmoja. Mwaka 1889 Walter Cheadle akaonyesha kuwa kwa mtoto maumivu ya viungo huenda yakawa madogo sana, na huku moyo waharibika kimya kimya. Hapo ndipo penye hatari, kwani mzazi huangalia goti, na goti linapopoa hudhani amepona.

Kisha ikabaki kujua chanzo chake. Mwaka 1933 mwanamke wa Kimarekani, Rebecca Lancefield, aliyagawa makundi ya vijidudu viitwavyo streptokoki, na ikabainika kwamba kundi la A ndilo linalotangulia homa hii. Vijidudu hivi huingia kooni. Mwaka 1950, katika kambi ya askari huko Wyoming, Floyd Denny, Charles Rammelkamp na wenzao walitangaza walichokiona. Askari kiasi cha 800 wenye koo la streptokoki walipewa penisilini, na wengine kiasi hicho hicho hawakupewa. Katika waliopewa, 2 walipata homa ya baridi yabisi. Katika wasiopewa, 17. Ndugu msomaji, si ile ile njia ya al-Razi ya makundi mawili?

MARADHI YENYEWE YAFANYAVYO KAZI

Mtoto, mara nyingi wa miaka 5 hadi 15, hushikwa na koo. Mwili wake huunda askari wa kupigana na vijidudu. Lakini vijidudu hivi vyafanana kidogo na nyama ya mwili wenyewe, na katika baadhi ya watoto askari wale hukosea adui, wakageuka kuushambulia mwili. Baada ya wiki mbili au tatu, wakati koo lilikwisha sahauliwa, homa hupanda, goti huvimba, kesho goti limepoa na kifundo cha mguu ndicho kinachouma, kesho kutwa ni kiwiko. Viungo hupona. Lakini milango ya moyo, ile inayofunguka na kufungika kila pigo, hubakiwa na kovu. Kila koo jipya laweza kuongeza kovu juu ya kovu. Miaka ikipita, mtoto aliyekuwa akikimbia ufukweni hawezi kupanda ngazi, hulala akiwa amekaa, na miguu yavimba.

Tusichanganye haya na maradhi mengine ya viungo vya watoto. Mwaka 1897 George Frederic Still, huko London, alieleza habari za watoto 22 ambao viungo vyao vilivimba na kubaki vimevimba, vikikakamaa asubuhi. Hayo si matokeo ya koo, na uvimbe wake hauhamihami ukapoa, bali hukaa wiki sita na zaidi. Yana hatari yake nyingine: macho huweza kuharibika bila ya maumivu wala wekundu, kwa hiyo mtoto huyo sharti macho yake yapimwe. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani na wa iliyokuwa Urusi ya Kisoviet walichapisha jaribio walilolifanya pamoja, lililoonyesha kwamba dawa iitwayo methotreksati huwasaidia watoto hawa. Dola mbili zilizokuwa maadui zilikutana kwenye goti la mtoto. Hapa kwetu madaktari wa Muhimbili wameandika juu ya watoto wa Tanzania wenye maradhi haya, basi asikudanganye mtu kwamba ni maradhi ya Wazungu. Na huku Kanda ya Ziwa kuna seli mundu kwa wingi, nayo pia huuma viungo. Kwa hiyo maumivu ya viungo vya mtoto hayapimwi kwa macho ya jirani. Hupimwa na tabibu.

AFRIKA NA MAKOSA YALIYOSAHIHISHWA

Kwa miaka mingi madaktari wa Kizungu walidhani homa ya baridi yabisi ni maradhi ya nchi za baridi tu, na kwamba jua letu latukinga. Ukweli ulikuwa kinyume chake. Kule Ulaya maradhi yalianza kupungua hata kabla ya penisilini, kwa sababu nyumba zilipanuka na watu wakaacha kulala wengi katika chumba kimoja. Kwetu yalibaki. Makadirio ya 2019 yalihesabu watu wapatao milioni 40 duniani wenye moyo ulioharibiwa na maradhi haya, na sehemu kubwa ni watu wa nchi maskini.

Aliyesimama kulipigia mbiu jambo hili ni Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, aliyefariki 2018. Yeye na wenzake, katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, waliandikisha wagonjwa 3,343, na habari zao zikachapishwa 2015. Wengi walikuwa vijana, na thuluthi mbili walikuwa wanawake. Zingatia hapo. Msichana ambaye koo lake lilidharauliwa akiwa na miaka tisa ndiye yule bibi arusi anayebeba mimba kwa moyo wenye kovu, na mimba yaongeza mzigo wa moyo. Mwezi wa Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ukapitisha azimio juu ya maradhi haya.

Sasa tufike Uganda, ng'ambo ya Ziwa letu. Huko Gulu, Kaskazini, madaktari akiwamo Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda na Andrea Beaton wa Marekani walijiuliza swali moja: mtoto ambaye hajahisi lolote, lakini picha ya moyo yaonyesha kovu limeanza, je, sindano ya penisilini kila wiki nne yaweza kulizuia? Walipiga picha mioyo ya watoto 102,200. Kutokana na hao wakapatikana 818 walioingia katika utafiti kwa ridhaa, wakagawanywa makundi mawili: nusu wakapigwa sindano, na nusu wakaangaliwa tu kwa karibu. Jina la kazi hiyo kwa Kiacholi maana yake ni kuulinda moyo wa mtoto. Baada ya miaka miwili, katika kundi la sindano watoto 3 tu moyo wao ulizidi kuharibika. Katika kundi la pili, watoto 33. Habari hii ilichapishwa katika jarida kubwa la tiba la Marekani, toleo la Januari 2022.

Watu huuliza, je, si dhuluma kuwaacha wale nusu? Jibu ni kwamba kabla ya hapo hakuna aliyejua kwa hakika kuwa sindano yawafaa watoto wa namna ile. Sindano yauma, na mara chache sana huleta madhara. Katika utafiti ule ule watoto wawili walipata madhara makubwa ya dawa. Kumchoma mtoto mzima kila mwezi kwa dhana tu nako ni dhuluma. Na aliyeonekana moyo wake wazidi alipewa dawa. Hata hivyo, ni haki ya mzazi kuuliza: utafiti huu ni wa nini, nani ameuruhusu, mwanangu atapata nini, na nikitaka kumtoa itakuwaje? Mtafiti mwaminifu hujibu maswali hayo bila ya kukasirika. Asiyejibu, usimpe mkono wa mwanao.

Na sisi wa Mwanza si wageni wa utafiti. Tangu 1949 mji huu una kituo cha uchunguzi wa maradhi, kilichoanza na matende. Leo ni tawi la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979. Juu ya kilima iko hospitali ya Bugando tangu 1971, pamoja na chuo kikuu cha afya. Na Dar es Salaam, tangu 2015, iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako mioyo hupasuliwa na kutengenezwa, wakati zamani wagonjwa wengi hawakuwa na njia ila kupelekwa India.

KAZI ILIYOBAKI NI YETU

Ndugu msomaji, katika mnyororo huu wote, kiungo cha mwisho si daktari. Kiungo cha mwisho ni mama anayesikia mtoto akisema, "Koo laniuma." Elimu ya al-Razi, ya Ibn al-Nafis, ya Lancefield na ya Okello yote hupotea bure ikiwa mama huyo atanyamaza, au baba atasema hana nauli.

Naandika haya nikiwa Kiseke, Wilaya ya Ilemela, mahali palipojaa nyumba kwa haraka. Katika nyumba za kupanga chumba kimoja hulaza watoto watano, na hali ni hiyo hiyo Mtongani, Majengo na Ng'ambo. Kijidudu cha koo hupenda msongamano. Sisi waalimu wa vyuo vya Qur'ani pia tunahusika: watoto wengi juu ya jamvi moja, madirisha yamefungwa, kikombe kimoja cha maji. Tufungue madirisha, na kila mtoto awe na kikombe chake. Na mtoto anayechechemea leo mguu wa kulia na kesho wa kushoto, mwalimu asimwite mvivu. Awaambie wazee wake.

Liko jambo la kukata kimeo. Bado wako watu ambao mtoto akikohoa au akiumwa koo humpeleka kwa mkata kimeo. Kimeo hakina kosa. Kukikata hakuui streptokoki, bali kunamwaga damu na kufungua mlango wa vijidudu vingine. Liko pia jambo la kusema mtoto ana jini, anapoanza kuchezacheza mikono na kuangusha vitu. Tumekwisha kuona kwamba Sydenham aliyaeleza hayo tangu 1686, na leo yajulikana kuwa ni dalili ya homa hii. Kumsomea mtoto Qur'ani ni jambo la kheri lisilo na ubishi, lakini kusoma hakumzuii mtu kwenda hospitali. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kujitibu, na ametujulisha kwamba hakuna ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshiwa dawa yake. Kutegemea kwa Mwenyezi Mungu huja baada ya ngamia kufungwa.

Si kila koo lataka penisilini. Makoo mengi hupona yenyewe, na kununua vidonge dukani bila ya kupimwa ni kosa jingine. Mpeleke mtoto zahanati, aangaliwe. Akipewa dawa ya siku kumi, ziwe siku kumi, asiache siku ya tatu kwa kuwa amepata nafuu na sasa anacheza. Mweleze tabibu kama penisilini iliwahi kumdhuru. Na mtoto aliyekwisha shikwa na homa ya baridi yabisi huandikiwa sindano kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Hapo ndipo wazazi wengi huchoka. Kule Gulu watoto walikusanywa katika vikundi, wakatiana moyo, na karibu sindano zote zilipigwa kwa wakati wake. Je, misikiti yetu haiwezi kufanya hivyo? Sanduku la msikiti lishindwe kumlipia yatima nauli ya kwenda Bugando mara moja kwa mwezi?

Wengine huuliza juu ya Ramadhani. Mtoto asiyebaleghe hakulazimishwa kufunga. Aliyebaleghe, na sindano yake ikaangukia mchana wa Ramadhani, asiiahirishe kwa hofu ya kuharibu saumu. Wanazuoni wa Majmaa al-Fiqh al-Islami walipokutana Jeddah mwaka 1997 waliamua kwamba sindano ya dawa isiyokuwa ya lishe haifunguzi.

Mtoto ni amana. Siku ya Kiyama hatutaulizwa kwa nini moyo ulikuwa na milango dhaifu, kwani hilo ni kadari ya Muumba. Tutaulizwa juu ya lile tulilolijua tukalipuuza. Na wewe, ndugu msomaji, baada ya kusoma karatasi hii umekwisha kujua. Basi usiku wa leo watazame wanao waliolala, na yule aliyelalamika koo au magoti wiki hii, kesho asubuhi mshike mkono mwende akapimwe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu wagonjwa, awazidishie elimu na uaminifu wale wanaowatibu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikia na kufuata. Wabillahi tawfiq.